Njaa ya hiari na njaa ya kifuku: sayansi ya dhiki ndogo inavyosomwa vibaya

Februari 2026 Kwaresma na Ramadhani zilianza ndani ya wiki moja, na hapa Dodoma habari ya kufunga ikatoka misikitini na makanisani ikaingia kwenye magrupu ya WhatsApp, vipindi vya redio na vijiwe vya kahawa. Safari hii haikuja kama ibada peke yake. Ilikuja na video fupi za afya zinazoeleza kwamba mwili ukinyimwa chakula hujisafisha, kwamba seli hula taka zake zenyewe, kwamba maji ya baridi, joto kali na hata sumu kidogo huukomaza mwili na kurefusha maisha. Sehemu kubwa ya madai hayo ina msingi katika utafiti wa kweli, na ni jambo jema watu kuyajadili kwa Kiswahili. Kinachonitia wasiwasi ni mahali hoja hiyo inapoelekea. Imeanza kusikika kwenye vikao vya wazazi vinavyojadili mchango wa chakula cha shule: watoto wa zamani walishinda njaa wakakomaa, na sasa hata wanasayansi wamekubali kuwa njaa ni dawa, ya nini kuwalegeza watoto kwa uji? Nimeisikia ikitoka kwa watu wenye elimu, tena wanaowapenda watoto wao, ndiyo maana naona inastahili kujibiwa kwa uzito.

Jibu langu ni kwamba sayansi hiyo, ikisomwa yote, inasema kinyume. Ni kweli dhiki ndogo inaweza kuukinga mwili, lakini kinachokinga ni kazi ya ukarabati ambayo mwili huifanya wakati wa dhiki na baada ya dhiki kupita. Kazi hiyo ina gharama: inahitaji protini, nguvu, usingizi na muda. Mwili wenye akiba huilipa gharama hiyo na kubaki na faida. Mwili usio na akiba huikopa kutoka kwenye misuli, kwenye ubongo unaokua na kwenye kinga dhidi ya maradhi, na deni hilo huja kudaiwa miaka mingi baadaye. Kwa hiyo utafiti wa dhiki ndogo, ukiletwa katika mkoa kama wetu, unaitetea sufuria ya uji shuleni.

Jambo lenyewe lina historia ndefu. Mwaka 1888 mtafiti wa Kijerumani Hugo Schulz aliona kuwa kemikali zinazoua hamira, zikiwekwa kwa kiasi kidogo sana, huifanya hamira hiyohiyo ichachuke kwa kasi zaidi. Matokeo yake yalidharauliwa kwa muda mrefu, kwa sehemu kwa sababu yalihusishwa na homiopathia, tiba ya dawa za kiasi kidogo mno iliyokuwa ikipingwa vikali na madaktari wengi. Mwaka 1943 Wamarekani Chester Southam na John Ehrlich waliona hali inayofanana walipowapa kuvu dondoo la mti wa mwerezi, wakaipa jina la homesisi: kinachodhuru kikiwa kingi huchochea kikiwa kidogo. Edward Calabrese wa Chuo Kikuu cha Massachusetts ametumia miongo kadhaa kukusanya maelfu ya mifano ya namna hiyo katika mimea, wadudu, bakteria na wanyama. Mtu anaweza kubishana naye juu ya maana ya mifano hiyo, na wengi wanabishana naye, lakini kusema haipo kabisa ni kukataa kilichoonekana katika maabara nyingi.

Kinachotokea ndani ya seli kilifahamika kwa njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mtaliano Ferruccio Ritossa alikuwa akichunguza kromosomu za inzi wa matunda, na joto la kifaa alimowatunza likapandishwa bila yeye kujua. Akakuta sehemu fulani za kromosomu zimevimba, dalili kwamba jeni za hapo zimeamka. Taarifa yake ilichapishwa 1962. Baadaye ilijulikana kuwa jeni hizo hutengeneza protini za mshtuko wa joto. Protini za kawaida za mwili hufanya kazi zikiwa zimekunjwa katika umbo maalumu. Joto huzikunjua, nazo huanza kugandana. Protini za mshtuko huzishika zilizolegea na kuzikunja upya, na zisizofaa tena huelekezwa kwenda kuvunjwa. Joto likishaondoka, protini hizo hubaki kwa muda, na katika muda huo husaidia kurekebisha hata uharibifu ambao joto halikuuleta. Faida inatoka hapo. Mwaka 1995 Gordon Lithgow, Thomas Johnson na wenzao walionyesha kuwa minyoo aina ya Caenorhabditis elegans, wenye urefu wa milimita moja na maisha ya wiki mbili tatu, wakipashwa joto kwa muda mfupi huishi kuliko wenzao. Wakiachwa kwenye joto kali muda mrefu, hufa. Kinachotenganisha kinga na kifo ni saa chache, na video fupi hazisemi hivyo.

Njaa nayo ina ushahidi wake. Mwaka 1935 Clive McCay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell waliripoti kuwa panya waliopunguziwa chakula, lakini wakapewa vitamini na madini yote, waliishi kuliko walioshiba. Mjapani Yoshinori Ohsumi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kueleza jinsi seli inavyofunga taka zake ndani ya vifuko na kuzimeng'enya, kazi ambayo huongezeka chakula kinapopungua. Upande wa mazoezi kuna jaribio la Michael Ristow na wenzake nchini Ujerumani, lililochapishwa 2009, ambalo kwangu ndilo linaloeleza jambo hili vizuri kuliko mengine yote. Vijana wa kiume wenye afya walifanya mazoezi kwa wiki 4. Baadhi yao walipewa vidonge vya vitamini C na E, wengine hawakupewa. Mazoezi huzalisha molekuli kali za oksijeni zinazounguza seli kidogo, na vidonge hivyo huzimaliza. Waliokosa vidonge miili yao ikaanza kuitikia insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, vizuri zaidi. Waliopewa vidonge hawakupata faida hiyo. Kule kuungua kidogo ndiko kulikouambia mwili ujikarabati, na vidonge vilizima ujumbe kabla haujafika. Anayenunua makopo ya vitamini kwa wingi akidhani anajikinga na uzee angefanya vyema kulifikiria jaribio hilo.

Swali gumu ni nani hasa ananufaika, na hapo matokeo ya wanyama yanapaswa kusomwa taratibu. Watafiti wa Wisconsin waliripoti 2009 kwamba nyani aina ya rhesus waliopunguziwa chakula walipata maradhi machache ya uzee. Mwaka 2012 Taasisi ya Taifa ya Uzee ya Marekani ikaripoti kuwa nyani wake waliopunguziwa chakula hawakuishi kuliko wenzao. Vituo hivyo viwili vilikaa pamoja, na uchambuzi wao wa pamoja wa 2017 ukaonyesha tofauti moja muhimu: kule Wisconsin nyani wa kulinganishwa walikula watakavyo, tena chakula chenye sukari nyingi, na kwenye Taasisi walikuwa wakipimiwa chakula ili wasinenepe. Faida kubwa ya kupunguza ilionekana pale ambapo wa upande wa pili walikuwa wamevimbiwa. Miongoni mwa panya hali haikuwa rahisi zaidi. Utafiti uliochapishwa 2010 ulijaribu kupunguza chakula kwa koo 41 tofauti za panya, na koo ambazo maisha yao yalifupishwa zilikuwa nyingi kuliko zile ambazo maisha yao yalirefushwa.

Kisha ukaja utafiti wa Maabara ya Jackson ya Marekani, uliochapishwa katika jarida la Nature Oktoba 2024, wa panya jike 960 wenye jeni mchanganyiko. Waliokula watakavyo waliishi wastani wa miezi 25. Waliopunguziwa chakula kwa asilimia 40 waliishi wastani wa miezi 34. Takwimu hiyo ndiyo iliyosambaa. Iliyobaki nyuma ni kwamba ndani ya kundi hilohilo la njaa, walioishi zaidi walikuwa wale waliopungua uzito kidogo kuliko wenzao. Waliokonda sana walikufa mapema. Tena urithi wa jeni ulikuwa na uzito kuliko lishe waliyopewa. Maana yake kwa lugha ya kawaida ni kwamba njaa iliwasaidia wale ambao miili yao ilistahimili njaa bila kuliwa nayo. Kwa binadamu, jaribio kubwa lililodumu miaka 2 huko Marekani liliwahusisha watu wazima wapatao 220 wasio wanene kupita kiasi. Walilenga kupunguza chakula kwa robo, wakafanikiwa kupunguza kama asilimia 12, huku wakipewa vidonge vya vitamini na madini na kusimamiwa na wataalamu wa lishe muda wote. Uchambuzi wa 2023 ulikadiria kuwa kasi yao ya kuzeeka ilipungua kwa asilimia 2 hadi 3. Ni faida, na siidharau. Ila hawakuwamo watoto, hawakuwamo wajawazito, na hakuna aliyelala njaa kwa sababu ghala limekwisha.

Hapa kwetu tunao mfano ambao mkulima wa Mpunguzi, Hombolo au Bihawana anaujua kwa mikono yake. Mzabibu ukipogolewa na kupata kiu kidogo kwa wakati wake, ganda la zabibu huongeza rangi na kemikali za kujikinga. Mojawapo ni resveratro, ambayo mmea huitengeneza hasa ukishambuliwa na kuvu au ukipigwa na miale mikali ya jua. Ni dhiki ndogo kwenye jani na kwenye ganda. Lakini mkulima huyohuyo hatauacha mche wa mwaka wa kwanza bila maji kiangazi kizima akitegemea utakomaa, anajua utakauka. Hajasoma homesisi popote, ila amekwisha kutenganisha mzabibu wenye mizizi na mche usio nayo. Kwa nini tofauti hiyo ipotee tunapozungumzia mtoto?

Resveratro pia ni onyo kwa wanaokimbilia kununua uzima kwenye chupa. Mwaka 2003 David Sinclair na wenzake waliripoti kuwa inarefusha maisha ya hamira, na kampuni iliyojengwa juu ya wazo hilo ikanunuliwa na kampuni ya dawa ya GlaxoSmithKline mwaka 2008 kwa takriban dola milioni 720. Miaka mitano baadaye ofisi za kampuni hiyo zilifungwa, na dawa ya kurefusha maisha haijatokea. Utafiti wa 2014 uliowafuatilia wazee zaidi ya 700 wa eneo la Chianti, Italia, haukuona uhusiano wowote kati ya kiasi cha resveratro walichokipata kwenye chakula na umri wa kufa. Naipenda sekta ya zabibu ya Dodoma, na ninataka mkulima wake apate bei nzuri. Lakini mvinyo usiuzwe kama kinga ya uzee, kwa sababu kiasi cha resveratro ndani yake ni kidogo mno, na pombe imo katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu ya shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa tangu 1988.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayopigiwa makofi, ni ile ya wazee wetu. Inasemwa kwamba babu zetu walikula mara moja kwa siku, ugali wa uwele na mlenda, wakatembea mwendo mrefu wakichunga, wakafika miaka 90. Basi shida ndiyo iliyowafikisha. Anayesema hivyo anawahesabu waliofika. Waliozikwa wakiwa na mwaka mmoja, miwili, mitano, hawapo kikaoni kutoa ushahidi. Kati ya 1917 na 1920 Ugogo, yaani nchi ya Wagogo hapa Dodoma, ulipitia njaa inayokumbukwa kwa jina la Mtunya. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua zikagoma. Inakadiriwa kuwa watu 30,000 kati ya 150,000 walikufa. Kama dhiki peke yake ingekuwa inarefusha maisha, kizazi cha Mtunya kingetoa wazee wengi kuliko vyote. Kilitoa makaburi na watu waliotawanyika kutafuta chakula.

Tazama pia Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, ambao baadhi yao wako hapo Mkalama mkoani Singida. Hao hutajwa sana katika video hizi, na kwa sababu ya haki: watu wazima wao hutembea na kuchimba mizizi hadi uzeeni, na shinikizo la damu kwao ni la chini. Mtafiti Herman Pontzer alionyesha 2012 kuwa pamoja na kutembea kote huko, nguvu wanayoitumia kwa siku, ukizingatia ukubwa wa miili yao, haizidi ya Mmarekani wa mjini, jambo linaloonyesha jinsi mwili unavyobana matumizi mahali pengine. Lakini takwimu za mtafiti Nicholas Blurton Jones, zilizoanza kukusanywa miaka ya 1980, zilionyesha kuwa karibu watoto 46 kati ya kila 100 wa Kihadzabe hawakufika umri wa miaka 15. Ukimwona mzee wa miaka 70 anayepanda mlima, umemwona mtu ambaye ndugu zake wengi hawakupita mlango alioupita yeye. Tanzania nzima ilikuwa na vifo 147 vya watoto walio chini ya miaka 5 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai katika takwimu za 1999. Takwimu za 2022 zinaonyesha vifo 43. Tumefika hapo kwa chanjo, vyandarua, dawa na chakula. Dhiki ilipunguzwa, na maisha yakarefuka.

Kuna hoja nyingine ninayoiona hatari zaidi kwa sababu inafanana sana na sayansi: kwamba mwili uzoeshwe sumu kidogo kidogo. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilikumbwa na ugonjwa uliotokana na sumukuvu katika mahindi. Katika wagonjwa 68 waliochunguzwa, 20 walikufa. Kuvu wanaotengeneza sumu hiyo hushamiri zaidi katika mahindi yaliyopata ukame shambani, kisha yakahifadhiwa yakiwa na unyevu. Yaani ukame uleule unaoongeza kemikali nzuri kwenye ganda la zabibu huongeza sumu kwenye punje ya mhindi. Sumukuvu ikifika kwenye ini hugeuzwa kuwa molekuli inayojigandisha kwenye DNA, na mwenye homa ya ini aina ya B huwa kwenye hatari kubwa zaidi sana ya kupata saratani ya ini. Hakuna kiwango ambacho huukomaza mwili dhidi ya hilo. Kanuni ya dhiki ndogo inahusu vitu ambavyo mwili una njia ya zamani ya kuvijibu: joto, njaa fupi, kazi ya misuli, baridi. Mtu asiitumie kuhalalisha mahindi yaliyooza, dawa za mashambani zilizobaki kwenye nyanya, wala moshi wa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha.

Hapo ninakubaliana na wakosoaji wa homesisi, wanaosema kuwa nadharia hii hupendwa mno na wenye faida ya kulegeza sheria. Mionzi ni mfano. Wapo wanaodai kuwa mionzi kidogo huimarisha mwili, na sisi wenye Bahi na Manyoni, ambako urani imekuwa ikitafutwa, tunapaswa kuwa macho. Utafiti wa wafanyakazi zaidi ya 300,000 wa viwanda vya nyuklia nchini Ufaransa, Uingereza na Marekani, uliotolewa upya 2023, ulionyesha hatari ya kufa kwa saratani ikipanda pamoja na kipimo cha mionzi hata kikiwa kidogo. Lakini wakosoaji nao huvuka mpaka wanaposema yote ni upuuzi wa maabara. Mazoezi si upuuzi. Joto la sauna la Wafini, ambalo Jari Laukkanen na wenzake waliliangalia kwa wanaume 2,315 kwa takriban miaka 20, liliambatana na vifo vichache vya moyo kwa walioingia mara 4 hadi 7 kwa wiki. Inawezekana wenye afya ndio wanaopenda sauna, na jambo hilo bado halijamalizwa. Hata hivyo si la kutupwa.

Sasa turudi kwa mtoto. Majira ya baridi ya 1944 na 1945 Uholanzi ya magharibi ilinyimwa chakula na jeshi la Wajerumani, mgao ukashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Ilidumu miezi michache tu, na baada yake watu walishiba. Lakini waliotungwa mimba ndani ya miezi hiyo, walipofuatiliwa wakiwa na miaka 50, walikuwa na maradhi zaidi ya moyo na mafuta mabaya zaidi kwenye damu kuliko ndugu na wenzao. Njaa ya muda mfupi, mwili mchanga, deni la nusu karne. Kwetu, takwimu za 2022 zinaonyesha asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Kudumaa ndiko kunakotokea mwili unapokarabati kwa mkopo: unaacha kurefuka, unapunguza ujenzi wa ubongo na kinga, ili moyo uendelee kupiga.

Zaidi ya hapo, angalia kalenda ya Dodoma. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, na mtama na uwele huvunwa kuanzia Mei. Miezi ya ghala tupu ni Januari hadi Machi, ambayo pia ni miezi ya palizi, ya mbu, na ya watoto kutembea kwenye tope kwenda shule. Njaa inayofundishwa kwenye video ina mwanzo na mwisho. Hata mfungo wa dini una futari na daku, na Kurani inampa ruhusa mgonjwa na msafiri kulipa siku nyingine, na watoto hawajafaradhishiwa. Njaa ya kifuku, yaani ya majira ya mvua, haina saa ya kufuturu, na humkuta mtu katikati ya kazi na malaria. Mtoto aliyetoka nyumbani bila kula, akatembea, akakaa darasani hadi saa nane mchana, amekwisha pata dhiki ya kumtosha. Alichokosa ni nusu ya pili ya kanuni, ile ya ukarabati. Bakuli la uji wa uwele au mtama wenye karanga zilizokaushwa vizuri na kuchambuliwa ni hiyo nusu ya pili. Mzazi anayechangia nafaka shuleni anamfanya mwanawe anufaike na ule mwendo aliotembea.

Kwa mtumishi wa ofisini ushauri wangu ni tofauti kabisa, na sioni mgongano. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta takriban robo ya watu wazima wa Tanzania wenye miaka 25 hadi 64 wana shinikizo la juu la damu, na karibu mmoja kati ya 11 ana kisukari. Mtu anayekula chipsi mayai mchana, nyama choma usiku, na kupanda bodaboda kwa umbali wa kutembea dakika 10, mwili wake haujui tena dhiki ndogo ni nini. Huyo akipunguza mlo wa usiku, akitembea hadi jasho limtoke, anaweza kupata kile ambacho panya na nyani wamekionyesha. Isipokuwa kama anatumia insulini au dawa za kisukari kama glibenklamidi: sukari yake inaweza kushuka hadi azimie, na dozi yake hupangwa upya na daktari kabla ya kuanza kufunga. Wataalamu wa kisukari hushauri mazungumzo hayo yafanyike wiki 6 hadi 8 kabla ya Ramadhani. Mzee naye asiige kijana, kwani misuli anayoipoteza kwa kufunga hairudi kirahisi.

Kundi ninaloona limesahauliwa ni la vibarua. Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016 mji umejengwa kwa mikono ya vijana wanaobeba zege, kuponda kokoto na kuchimba mitaro. Kwa mujibu wa hoja ya shida hukomaza, hao wangekuwa na afya kuliko wote. Uchambuzi wa 2018 uliojumlisha tafiti zenye watu zaidi ya 190,000 ulikuta kinyume: wanaume wenye kazi nzito za mwili walikuwa na uwezekano wa kufa mapema uliozidi kwa asilimia 18 ule wa wenye kazi nyepesi, ilhali mazoezi ya hiari huambatana na maisha marefu. Misuli ni ileile na jasho ni lilelile. Mmoja huacha anapochoka, akaoga, akala, akalala. Mwingine huendelea saa nane au kumi juani, kesho akarudi mapema. Saidia fundi anayekula kwa mama lishe sahani moja ya wali na maharage kwa siku hana cha kukarabatia. Mteja mkubwa wa ujenzi wa Mtumba, mji wa serikali, na barabara zake ni serikali yenyewe, na mteja ndiye anayeandika masharti. Saa ya kupumzika kwenye kivuli, maji safi yasiyo na mgao, na mlo wa mchana unaohesabiwa ndani ya bei ya mkandarasi badala ya mfuko wa kibarua vinaweza kuingia kwenye mikataba inayosainiwa mwaka huu wa fedha.